Muhali na Kalamu ya Risasi

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji kimoja kisicho mbali na Wete, msimu wa karafuu ulikuwa na kazi mbili. Kazi ya mchana ilikuwa ya wachumaji, waliopanda mikarafuu na kuvunja vishada kabla maua hayajafunguka. Kazi ya usiku ilikuwa ya kila mtu, nayo ni kuchambua. Majamvi yalitandikwa, kandili ikawekwa katikati, nasi wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, tukalizunguka lundo na kuitenga karafuu na makonyo yake. Sikumbuki kumwona mtu akichambua peke yake. Wala makonyo hayakutupwa, kwani nayo yana bei yake, na mafuta yake hukamuliwa katika kiwanda kilichopo Wawi. Basi nilipokuja kukutana na neno "uchambuzi" vitabuni, likiwa na maana ya kuipima kazi ya mwandishi, nilidhani ninalijua tangu utotoni. Kumbe nilikuwa ninalijua neno tu. Kitendo chenyewe nilikuwa sijakijua, na walionifundisha ni wanafunzi ambao wengi wao ningeweza kuwa baba yao.

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa chuo. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili. Kiingereza nilikipata kwa redio na kwa kamusi ya Johnson, ile iliyotoka mwaka 1939, ambayo nakala yangu haina jalada wala kurasa za mwisho. Ushairi niliupata barazani. Nayasema haya si kwa kujigamba wala kujidunisha, bali kwa sababu mtu aliyejifundisha mwenyewe ana maradhi yake maalumu: kwa kuwa hakuzoea kusahihishwa darasani, kila anayemsahihisha humwona ni mtu anayetaka kumvua nguo.

Mwaka 1999 nilitafsiri hadithi moja ya Anton Chekhov iliyotoka mwaka 1886, ile ya Iona Potapov, mwendesha gari la farasi katika jiji la Petersburg, aliyefiwa na mwanawe na ambaye anatafuta mtu wa kumsimulia msiba wake. Abiria wanapanda na kushuka, na hapana hata mmoja mwenye nafasi ya kumsikiliza. Mwisho anamsimulia farasi wake. Hadithi ile ilinikaa moyoni, nami nikaitafsiri kwa muda wa miezi mitatu, usiku, baada ya kazi. Nilipomaliza nikampa mswada rafiki yangu, mshairi mwenzangu wa baraza moja, naye akakaa nao wiki mbili. Jioni aliyonirejeshea tulikuwa watu wapatao kumi, kahawa inazunguka. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Bwana, hiki si Kiswahili. Hiki ni Kiingereza kilichovaa kanzu."

Baraza zima likacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Nikaupokea mswada ndani ya bahasha yake, nikautia sandukuni bila ya kuufungua, na kuanzia siku ile nikawa ninapita njia ya mzunguko kwenda Darajani ili nisipite mbele ya baraza hilo. Mwenye kovu, wahenga walisema, usidhani kapoa.

Mwaka 2023 mhadhiri mmoja wa chuo kimojawapo hapa Unguja alinijia na ombi. Anasomesha uandishi wa insha kwa Kiswahili, na darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 100. Insha ya kurasa nne, ikisomwa kwa haki, inataka robo saa. Insha 100 zinataka saa 25, na hiyo ni rasimu moja tu. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaandika mara moja, anapata alama wiki nyingi baadaye, anaitazama, na anaikunja karatasi. Kosa alilolifanya linabaki humo ndani ya mkunjo. Mhadhiri alikuwa amesoma juu ya utaratibu wa wanafunzi kusomeana rasimu zao na kupeana maoni kabla kazi haijamfikia mwalimu, na akataka mtu wa baraza amsaidie, kwa kuwa washairi, alisema, wamezoea kukosoana. Sikumwambia habari ya sanduku langu.

Wiki ya kwanza tuliwagawa watatu watatu. Maagizo yetu yalikuwa mafupi: someni rasimu za wenzenu, toeni maoni. Usiku ule nilizisoma karatasi zao kwa hamu, nikakuta karibu zote zimeandikwa maneno yale yale: "Nzuri sana." "Hongera." "Umejitahidi." Mashujaa wachache waliandika "Ongeza mifano," pasi na kusema mifano ya nini. Wengine wawili watatu walijifanya walimu, wakasahihisha hata palipo sawa. Mmoja alikuwa ameandika "mtu yeyote". Mwenzake akamkatia mstari na kuandika "yoyote" juu yake.

Mhadhiri alivunjika moyo, akadhani ni uvivu. Mimi nilijua si uvivu. Sisi watu wa visiwa hivi tuna neno ambalo sijapata kulitafsiri kwa lugha nyingine nikaridhika, nalo ni muhali. Kumwonea mtu muhali ni kushindwa kumkatalia, au kumwambia jambo litakalomuudhi, kwa kuwa ni jirani, ni mkwe, ni mtu mzima, umekula kwake, au kesho mtakutana tena dukani. Siutukani muhali. Ndio unaotuwezesha kuishi kwa pamoja mahali padogo. Lakini ndio uleule unaomwacha mtu autembee mji mzima na kanzu iliyochanika nyuma, kwa kuwa kila aliyeiona aliona vibaya kumwambia.

Alikuwamo darasani mwanafunzi mmoja mtu mzima, aliyesomesha skuli ya msingi miaka mingi kabla ya kuja chuoni. Binti aliyepewa insha yake alinifuata mlangoni. "Maalim," aliniambia, "mimi nitamwambiaje Mwalimu kwamba sikumfahamu? Si nitakuwa sina adabu?"

Swali lile nilikwenda nalo nyumbani, na njiani nikaona kwamba jawabu lake limo ndani yake. Binti hakusema kwamba insha ni mbaya. Alisema hakuifahamu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kusema insha ni mbaya ni hukumu, na hukumu inataka cheo. Kusema "hapa sikufahamu" ni habari ya msomaji mwenyewe, na hapana aijuaye habari hiyo kumshinda yeye. Hata mtoto anaweza kumwambia kadhi "sikukusikia" na asiwe amevunja adabu. Baadaye mhadhiri alinionesha kwamba Mmarekani Peter Elbow, katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya kuandika bila ya walimu, alikuwa amekwisha kulisema jambo la namna hiyo: msomaji amweleze mwandishi yaliyompitikia alipokuwa akisoma, badala ya kuipa kazi daraja. Nilifurahi kumkuta mwenzangu njiani, ingawa yeye alitangulia miaka 50.

Wiki ya pili tulibadili utaratibu. Kila mtu aliisoma rasimu yake kwa sauti mbele ya wenzake wawili, kisha akawapa karatasi na kunyamaza. Wasomaji walitakiwa kuandika mambo matatu, kwa kalamu ya risasi: nimefahamu kwamba insha hii inasema nini, kwa sentensi moja, ni mahali gani nilipopotea, na ni jambo gani ninalotaka kulijua zaidi. Kusifu kuliruhusiwa, ila kwa sharti kwamba sifa iwe na mahali pake, yaani msomaji aweke kidole kwenye mstari uliomgusa. Kusahihisha lugha kulikatazwa kabisa. Kazi hiyo iliachiwa kamusi, na mhadhiri mwishoni. Mwandishi hakuruhusiwa kujitetea. Aliporudi na rasimu ya pili aliambatisha barua fupi kwa wasomaji wake: maoni haya nimeyakubali na nimebadilisha hivi, haya nimeyakataa kwa sababu hii. Kwani insha ni yake, na asiyejua kukataa maoni hatajua kuyapokea.

Kalamu ya risasi ilikuwa fikra yangu. Wino unahukumu. Risasi inafutika, na mtu anayejua kwamba neno lake linafutika huthubutu kulisema.

Miongoni mwao alikuwamo binti wa Jambiani, aliyeandika juu ya wakulima wa mwani, na mama yake ni mmojawapo. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na binti huyu amelelewa kwa fedha yake. Hata hivyo rasimu yake ilianza kwa kusema kwamba mwani ni zao muhimu katika uchumi wa Zanzibar, ikaenda hivyo hivyo kurasa nne, na mahali pamoja ikataja kwamba wakulima "wanakabiliwa na changamoto za muda". Msomaji wake, kijana wa Pemba ambaye hajapata kufunga mwani hata siku moja, aliandika pembeni: "Hapa nimepotea. Changamoto za muda ndiyo nini? Mama anashuka pwani saa ngapi?"

Binti alicheka alipolisoma, kwa kuwa kwao hapana asiyejua kwamba kushuka pwani hakufuati saa ya ukutani. Kunafuata bamvua, maji yanapokupwa mbali, vigingi na kamba vikaonekana. Bamvua haimngoji mtoto mgonjwa wala haiakhirishwi kwa ajili ya arusi. Zikija siku za maji mafu, kazi inasimama, hata kama mama hana la kufanya nyumbani na anahitaji fedha. Hicho ndicho kilichokuwa kiini cha insha yake, na hakukiandika kwa sababu alikuwa anakijua mno. Rasimu ya pili ilianza kwa mama anayehesabu siku za mwezi angani ili ajue lini hatakuwapo nyumbani. Kurasa zilikuwa zile zile nne. Nilizisoma kwa kusimama, pale pale mezani kwa mhadhiri, na nilipomaliza kahawa yangu ilikuwa imepoa.

Mwalimu asingemuuliza swali lile. Mwalimu angejua, au angejifanya anajua, kisha angeandika "fafanua" kwa wino mwekundu. Ilihitajika mtu wa rika lake, mgeni wa jambo, asiyeona haya kusema kwamba hajui. Kumbe tulichokidhani kuwa ni upungufu wa mwanafunzi, yaani uchache wa elimu yake, ndicho kilichokuwa na manufaa.

Lakini lililonishangaza zaidi lilitokea wiki iliyofuata. Yule kijana wa Pemba, aliyekuwa akiandika juu ya magendo ya karafuu, alikuja na rasimu mpya kabisa. Wasomaji wake walikuwa hawakumwambia mengi. Nilimuuliza kulikoni. "Maalim," alisema, "nimemuuliza mwenzangu mama yake anashuka pwani saa ngapi. Nilipofika chumbani nikaitazama yangu. Nimeandika kurasa tano za karafuu, na humo hamna mtu hata mmoja aliyepanda mkarafuu."

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Kristi Lundstrom na Wendy Baker, walitoa utafiti juu ya wanafunzi wanaojifunza kuandika kwa Kiingereza, lugha ambayo si ya kwao. Kundi moja lilifunzwa kutoa maoni juu ya insha za watu wengine na halikupokea maoni yoyote. Kundi jingine lilifunzwa kuyatumia maoni na halikutoa. Waliotoa ndio waliosonga mbele zaidi katika uandishi wao wenyewe, khasa wale walioanza wakiwa chini. Mtu asiyepata kukaa na wale vijana anaweza kuliona jambo hili kuwa ni ajabu. Mimi sikuliona hivyo tena. Insha yako mwenyewe huisomi. Unakumbuka tu ulichokusudia, na kila penye tundu moyo wako unapaziba kabla jicho halijapaona. Insha ya mwenzako haina wa kukuzibia. Jicho linajifunza tundu lilivyo, kisha linarudi nyumbani.

Sisi tuliokulia kwenye vielelezo, na Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert cha mwaka 1954 ni mali ya kujivunia, tumezoea kuiona nyumba iliyokwisha pakwa chokaa. Ukuta uliobomolewa na kujengwa upya hatuuoni. Niliwakumbusha wanafunzi kwamba Julius Nyerere, mkubwa wa nchi, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imerekebishwa. Ikiwa yeye alirudia, sembuse sisi?

Hapo ndipo binti yule wa mlangoni aliponyoosha mkono. "Na wewe je, Maalim? Mbona wewe hatujakusoma?"

Darasa lilinyamaza. Nilihisi joto la masikio, lile lile la jioni ya baraza. Nikasema nitaleta kazi yangu wiki ijayo, na nikarudi nyumbani nikiwa na hasira nisiyoweza kuieleza. Nilikuwa na mashairi mengi yaliyokwisha chapishwa, safi, ambayo ningeweza kuwapa bila ya kuhatarisha chochote. Mficha uchi hazai. Nikavuta sanduku, nikatoa bahasha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 24 nikaufungua mswada wa Iona Potapov.

Ulikuwa umejaa alama za kalamu ya risasi. Nilizihesabu, zikafika 43. "Sleji ni nini? Farasi anavuta nini?" "Hapa anayesema nani, abiria au Iona?" "Sentensi hii nimeirudia mara tatu, sijafika." Kila ukurasa ulikuwa na maswali, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayeogopa kuichafua karatasi ya mwenziwe. Hapakuwa na tusi hata moja. Na katika ukurasa wa mwisho, pale mzee anapomweleza farasi habari ya mwanawe, palikuwa na maneno mawili tu pembeni: "Hapa nimelia."

Nilikaa sakafuni muda mrefu. Neno moja la ulimi, lililosemwa mbele ya watu ili wacheke, lilikuwa limenifichia maneno yote ya kalamu. Rafiki yangu alikosea, na hilo silifuti: uchambuzi una mahali pake, na hadharani mbele ya kahawa sipo. Lakini alikuwa amenisoma. Katika maisha yangu yote ya uandishi hapana aliyewahi kunisoma vile, nami kwa miaka 24 nilikuwa nikimsimulia farasi.

Wanafunzi niliwapa nakala safi isiyo na alama. Karatasi ziliporudi nilizilinganisha na mswada. Walikuwa wamepotea kwenye sleji. Walikuwa wamepotea kwenye mazungumzo ya abiria. Penye sentensi ile ndefu, vikundi vitatu viliandika kwamba havikufika. Binti wa Jambiani aliongeza la kwake: alitaka kujua ni kwa nini mzee hakuenda kumsimulia jirani. Hilo sikulijibu katika tafsiri, kwa kuwa ndilo swali la hadithi yenyewe. Mengine niliyafanyia kazi. Sleji ikawa gari lisilo magurudumu, linaloteleza juu ya theluji. Ile sentensi nikaivunja vipande vitatu.

Ilibaki barua, kwa mujibu wa utaratibu wetu. Nilimwandikia rafiki yangu alama kwa alama, zipi nimezikubali na zipi nimezikataa. Nilizikataa sita. Na kwa kuwa sisi ni washairi, na mshairi hujibiwa kwa ushairi, nikaweka ubeti juu ya barua:

Mwenzangu nakupa hati, isome pasi muhali,
Palopinda katikati, ninyoshee kwa kauli,
Usinifiche sauti, kwa sifa zilo batili,
Anisomae kwa dhati, ndiye rafiki wa kweli.

Nilipita njia ya zamani. Baraza halipo tena, pamefunguliwa duka la simu. Nilimkuta nyumbani kwake, amekaa ukumbini, nuru ya macho imepungua sana. Mjukuu wake ndiye anayemsomea magazeti. Alinitambua kwa sauti. Tulisalimiana kama watu waliokutana jana, kwa kuwa muhali nao una wema wake. Kisha nikamwekea bahasha mkononi. Aliipapasa, akaijua. Alinyamaza kidogo, akanirejeshea.

"Kaa kitako," aliniambia. "Soma mwenyewe, kwa sauti. Nikipotea nitakwambia."